Mlemavu, mtu mwenye ulemavu, au mwenye mahitaji maalumu: jina lipi kwa kazi ipi?

Katibu wa kikundi ameshika kalamu. Barua ya kwenda halmashauri iko mezani na mstari wa kwanza haumaliziki. Aandike "walemavu"? Mwenzake kando anasema hilo ni tusi siku hizi, aandike "wenye mahitaji maalumu". Wa tatu anasema hapana, sheria inasema "watu wenye ulemavu". Mtangazaji wa redio anakwama papo hapo dakika tano kabla ya kipindi, na mwalimu anakwama akiandika ripoti ya mtoto.

Kila mmoja wa hao watatu ana hoja. Hapa tunaweka njia nne za kutaja ulemavu kwa Kiswahili na kuzipima kwa vipimo vilevile. Njia ya nne wengi hawaihesabu kabisa, nayo mara nyingi ndiyo inayojenga mlango.

Vipimo vitano

Cha kwanza ni wenye jina: wanalikubali, au wanalivumilia tu? Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, kwa hiyo kipimo hiki kinatangulia. Cha pili ni usahihi: akisoma neno hilo, mtu anajua kinachotakiwa kufanywa? Cha tatu ni ofisini: neno linafungua kifungu gani cha sheria, fungu gani la fedha? Cha nne ni mdomoni na kwenye bango: linasemeka kwa pumzi moja, linaenea kwenye kitambaa? Cha tano ni namna linavyozeeka, maana maneno haya huchakaa, na mengine huchakaa haraka.

Njia ya kwanza: neno moja (mlemavu, kiziwi, asiyeona, albino)

*Wenye jina.* Hapa hakuna jibu moja kwa wote, na ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Kwa viziwi, "kiziwi" ni jina lao na wanalishika. Chama chao nchini Tanzania ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na hawajalificha neno hilo. Wana Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi na msamiati wake. Anayewaita "wenye matatizo ya kusikia" kwa nia ya upole anawapunguza, kwa sababu anaona sikio tu na haoni lugha. Kinachowaudhi ni "bubu", kwa kuwa kinadai hawana lugha kabisa. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka dola iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya (ibara ya 7), na inaihesabu miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza (ibara ya 120). Kumwita bubu mtu ambaye lugha yake ni rasmi bungeni ni tusi, na pia si kweli.

Kwa ualbino hali ni kinyume. "Zeruzeru" limebeba imani kwamba huyu si mtu kamili. Wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Tanzania kuanzia miaka ya 2000, likaongezeka neno "dili", jina la bidhaa, kana kwamba anayepita njiani ni mali inayosubiri mnunuzi. Maneno hayo mawili hayafai popote ila unapoyanukuu ili kuyakataa. "Albino" lenyewe liko katikati: wapo wanaojiita hivyo bila shida, na wapo wanaolikataa. Chama cha TAS kilikuwa Tanzania Albino Society, kikabadilika kuwa Tanzania Albinism Society. Herufi tatu zilibaki zilezile, ila neno la katikati liliacha kumtaja mtu likaanza kutaja hali.

"Mlemavu" nalo linategemea unaongea na nani. CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania, kimelibeba kwenye jina, na wazee wengi wenye ulemavu wanalitumia bila kinyongo. Vijana wa harakati wengi hawalitaki.

Na hoja ya ngeli? Husemwa kwamba "kilema", "kipofu" na "kiwete" ni matusi kwa sababu ziko kwenye ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu, na kwamba "mlemavu" lilimrudisha mtu kwenye M-WA, ngeli ya watu. Hoja ina uzito, lakini haitoshi peke yake, maana kijana, kiongozi na kipenzi wamo humohumo kwenye KI-VI na hakuna anayelalamika. Tatizo la "kilema" liko kwenye maana. Neno hilo ni jina la dosari yenyewe. Tunasema "ajali ilimtia kilema". Ukimwita mtu kilema umemgeuza kuwa ile dosari.

*Usahihi.* "Tunatarajia walemavu 12" haimsaidii mwandaaji wa mkutano. Hajui atafute mkalimani, nakala za nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole), au njia ya mteremko. Lakini "viziwi 4" inamwambia moja kwa moja: mkutano ukizidi saa moja tafuta wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu mkalimani aliyechoka huanza kuruka maneno naye kiziwi hana njia ya kujua kilichorukwa.

*Ofisini.* Dhaifu. Sheria za sasa hazitumii "walemavu".

*Mdomoni na kwenye bango.* Hapa neno moja lina nguvu kuliko yote. Bango litakalosomwa kutoka mita 18, upana wa barabara na kidogo, linataka herufi zenye kimo cha sentimita 15 hivi. Kwenye kitambaa cha mita 3, herufi za ukubwa huo zinaenea kama 25 kwa mstari. WALEMAVU inachukua 8. WATU WENYE ULEMAVU, pamoja na nafasi, inachukua 18, na zinabaki 7 za kusema unachodai.

*Kuzeeka.* "Mlemavu" linachakaa sasa hivi mbele ya macho yetu. "Kiziwi" halichakai, kwa sababu wenyewe wanalitumia kila siku.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeandika juu ya kundi lililojichagulia jina la neno moja, na mtu anayejizungumzia mwenyewe. Akijiita mlemavu mbele ya kamera, usimsahihishe. Andika alivyosema.

Njia ya pili: "mtu mwenye…"

*Wenye jina.* Ndiyo njia iliyokubaliwa na vyama vingi. Shirikisho lao Tanzania, SHIVYAWATA, ni la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu. Kenya utasikia zaidi "watu wanaoishi na ulemavu" au "watu walio na ulemavu", na mpangilio ni uleule: mtu kwanza, hali baadaye.

*Ofisini.* Hapa haina mshindani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukitaka ile 2, barua yako itumie maneno ya kifungu, ili ofisa asiwe na sababu ya kuipeleka kwenye faili jingine. Kenya, ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hapo neno lenyewe limekuwa haki ya kikatiba. Ibara hiyohiyo inataka angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua.

*Usahihi.* Inapokea nyongeza vizuri: mwenye ulemavu wa viungo, mwenye uoni hafifu, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo. Ila nyongeza ikikosewa, madhara ni makubwa. Chukua "mlemavu wa ngozi" au "mwenye ulemavu wa ngozi", ambayo vyombo vya habari vya Tanzania vinaitumia sana kwa ualbino vikidhani ni ya heshima. Ualbino ni upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, kwenye ngozi, nywele na macho. Karibu kila mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu. Mwalimu aliyesikia "ulemavu wa ngozi" atakumbuka kofia pana na mikono mirefu, na ni vizuri akumbuke, kwa kuwa saratani ya ngozi inaua. Lakini hatamsogeza mtoto dawati la mbele, hatamtoa kwenye mwanga wa dirisha unaomchoma machoni, hatampa karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa, pointi 18 na kuendelea. Mtoto atafeli, na ripoti itasema ni mzito wa kuelewa. "Mwenye ualbino" ni fupi zaidi na haifichi macho.

*Mdomoni na kwenye bango.* Ndefu. Ikirudiwa mara sita katika aya moja, "watu wenye ulemavu" inachosha sikio na inaanza kusikika kama kiapo cha ofisini. Dawa yake ni rahisi: itaje kwa ukamilifu mara ya kwanza, halafu tumia kile ambacho watu hao ni katika habari hiyo: wanachama, wakazi, wapiga kura, wazazi, wafanyabiashara. Habari ya mikopo inahusu wakopaji, basi waite wakopaji.

Kuna mtego mwingine. Mtu anaandika "watu wenye ulemavu" kwa uangalifu mkubwa, kisha mstari unaofuata anaandika "na watu wa kawaida" au "na wazima". Kazi yote imebomoka hapo. Upande wa pili unaitwa "watu wasio na ulemavu". Vivyo hivyo "anasumbuliwa na ulemavu" (unajuaje kinachomsumbua ni ulemavu, si ngazi?) na "amefungwa kwenye kiti mwendo". Kiti mwendo kinamtoa mtu nyumbani. Andika "anatumia kiti mwendo". "Licha ya ulemavu wake amefaulu" nayo ifute: ondoa "licha ya", taja alichofanya.

*Kuzeeka.* Inazeeka polepole kwa kuwa inajengwa upya kila mara. Lugha ya UKIMWI ilipita njia hiyohiyo, kutoka "waathirika" hadi "watu wanaoishi na VVU", na umbo la pili bado limesimama.

*Inamfaa nani.* Anayeandika barua, katiba ya kikundi, maombi ya fedha, taarifa ya habari, na yeyote asiyejua wahusika wanapenda kuitwaje.

Njia ya tatu: lugha laini (mahitaji maalumu, makundi maalumu)

*Wenye jina.* Hutumiwa zaidi na walio kando: walimu, wafadhili, viongozi wa dini, wazazi. Tusiwabeze wazazi. Mama aliyepewa majibu ya mtoto wake wiki iliyopita anaweza kushindwa kulitamka neno "ulemavu", na "mahitaji maalumu" linampa pa kuanzia kusema. Kwa mazungumzo ya namna hiyo njia hii ina heshima yake. Kwenye harakati za watu wazima, wengi wanaikataa. Wanasema mahitaji yao ni yaleyale ya kila mtu: kuingia, kusoma, kusafiri, kulipwa.

*Usahihi.* Dhaifu kuliko zote. Shuleni "mahitaji maalumu" linaweza kumbeba mtoto asiyeona, mwenye usonji, hata mwenye kipaji cha pekee. Serikalini "makundi maalumu" linaingiza wanawake, vijana, wazee na yatima. Ahadi iliyotolewa kwa "makundi maalumu" inaweza kutekelezwa yote bila mtu mmoja mwenye ulemavu kupata chochote, na mtoa ahadi akawa hajasema uongo.

*Ofisini.* Ina nafasi yake kwenye elimu, kwa sababu vitengo na walimu wa elimu maalumu wanaitwa hivyo. Ukiomba mtoto apangiwe shule yenye kitengo, tumia neno lao. Nje ya elimu, itakupoteza.

*Mdomoni.* Tamu, haimuudhi msikilizaji. Ndiyo maana inapendwa kwenye hotuba. Pamoja nayo husikika msemo wetu wa zamani, "hujafa hujaumbika". Msemo huo unamkumbusha kila mtu kwamba mwili wake nao unaweza kubadilika, na hilo ni kweli. Lakini kwenye bango la kudai haki unamgeuza aliyesimama pale kuwa onyo kwa wapita njia. Mwenye bango anataka apite mlangoni, hakuja kuwatisha watu.

*Kuzeeka.* Haraka sana. "Taahira" lilipita kwenye midomo ya wataalamu kabla halijawa tusi la mtaani, na "mtindio wa ubongo", ambalo ni jina halali la hali, vijana wanalitania sasa hivi. Neno laini lisilobadilisha namna watu wanavyotendewa hufikiwa na dharau ileile, kisha linatafutwa jingine.

*Inamfaa nani.* Mzungumzaji wa mara ya kwanza na familia, na mwenye kuandika kwenye mfumo wa elimu.

Njia ya nne: kutaja kikwazo

Hii haimtaji mtu kwa hali yake hata kidogo, inataja kinachomzuia. Ina mizizi kwenye Mkataba wenyewe wa 2006, unaoueleza ulemavu kuwa unatokana na kukutana kwa mtu mwenye upungufu fulani na vikwazo vya mazingira na mitazamo.

Linganisha sentensi mbili za barua ileile kwa mtendaji wa kata.

"Tunaomba msaada kwa walemavu wanaoteseka kuingia ofisini kwako."

"Mlango wa ofisi una ngazi tatu za sentimita 15 kila moja, jumla 45. Anayetumia kiti mwendo hawezi kuingia. Tunaomba njia ya mteremko yenye urefu wa mita 5.4 na sehemu tambarare ya mita 1.5 mbele ya mlango."

Ya kwanza inajibiwa kwa pole. Ya pili inaweza kupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Hesabu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo inataka 12 za urefu, kwa hiyo 45 mara 12 ni sentimita 540. Bila kutaja vipimo, fundi atamwaga zege la mita moja na nusu kwa kuwa ndiyo nafasi aliyoiona, na kiti kitaelekea kupinduka kinyumenyume. Patakuwa na picha ya uzinduzi na hakuna atakayeweza kupita. Sehemu tambarare nayo ina sababu: mtu lazima asimamishe kiti ndipo avute mlango. Mlango wenyewe uwe na uwazi wa sentimita 80 angalau, maana kiti kinaweza kufika 65 hadi 70 na viwiko vinataka nafasi.

*Wenye jina* huikubali kirahisi, kwa sababu haibandiki jina. *Ofisini* ina nguvu mkononi mwa mhandisi na mhasibu, ila haigusi mgawo wala asilimia: ile 2 ya mikopo na ile 3 ya ajira zinataka kundi litajwe. Hapo ndipo udhaifu wake. Ukitaja vikwazo tu mwaka mzima, watu wenyewe wanaweza kutoweka kwenye takwimu. *Kwenye bango* inafanya kazi vizuri ajabu: NGAZI ZIMETUFUNGIA NJE ni herufi 22 pamoja na nafasi. *Haizeeki*, njia ikijengwa, sentensi imemaliza kazi yake.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye dai moja linalopimika, na mwandishi anayeeleza kwa nini jambo halifanyiki.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Unaomba mkopo, ajira, kiti kwenye kamati, au chochote chenye asilimia: njia ya pili, kwa maneno ya sheria neno kwa neno, kisha njia ya nne kwenye aya inayoeleza ombi. Mpangilio huo usiugeuze. Kundi litajwe kwanza ili barua ifike kwenye fungu sahihi, kikwazo kifuate ili kiwe na bei.

Unaandika habari: muulize mhusika kabla hujaondoa kinasa sauti, "Nikutambulishe vipi?" Kisha jiulize kama ulemavu unahusika kabisa na habari hiyo. Kama ameshinda zabuni ya kushona sare, huenda hauna nafasi kwenye kichwa cha habari.

Unaandika juu ya viziwi: kiziwi. Juu ya wasioona: Tanzania "asiyeona" linatangulia "kipofu" kwenye maandishi, na asiyeona kabisa asichanganywe na mwenye uoni hafifu, kwa kuwa wa kwanza anataka nukta nundu au sauti na wa pili anataka maandishi makubwa.

Unaongea na mzazi mpya: fuata maneno yake. Akisema mahitaji maalumu, anzia hapo. Jina halisi la hali ya mtoto mpe mapema hata hivyo, kwa sababu bila hilo hatajua kliniki ya kwenda.

Uko naye uso kwa uso: hakuna hata moja kati ya hizi nne. Ni Mwalimu, Shangazi, Mzee, Mama Neema, au jina lake. Mwangalie yeye. Kosa la kila siku ni kumgeukia aliyemsindikiza na kusema "mwambie akae hapa". Hata panapokuwa na mkalimani, sema "karibu ukae", macho yako kwa kiziwi. Mkalimani atafanya kazi yake.

Unaandaa mkutano na hujui nani anakuja: kwenye fomu usiulize "Je, wewe ni mlemavu?" Wengi wataacha wazi. Uliza "Utahitaji nini ili ushiriki vizuri?" na uorodheshe: mkalimani wa lugha ya alama, nukta nundu, maandishi makubwa, njia ya kiti mwendo, msindikizaji, kingine. Ipeleke wiki mbili kabla, maana mkalimani wa kumtafuta jana kwa ajili ya leo kwa kawaida hapatikani.